Macho ya Mngojanjia

Kule Valdemerina, juu kabisa kwenye milima ya Soria, mtoto alikuwa na baba kwa majira. Kiangazi baba yupo, baridi ikiingia hayupo. Wanaume wote walishuka na kondoo kwenda Extremadura, kusini, kwenye majani na jua, na kijijini wakabaki wanawake, wazee, padri na theluji. Milima ikianza kijani tena, wanaume walirudi wamekonda, weusi kwa jua, na watoto wadogo wakawakimbia kama wageni.

Saturia alimzoea baba wa namna hiyo mpaka alipofika miaka sita. Halafu ikaja baridi moja, baba akaenda, na majani yalipoota hakuonekana. Habari iliyopanda kutoka kusini ilisema homa ya mapafu imemchukua, amezikwa huko huko.

Sasa alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na nane, amevaa ovaroli yenye madoa, amesimama juu ya jukwaa mbele ya mlango mkuu wa kanisa la kijiji chake. Walikuwa wanatazamana uso kwa uso na mwanamke wa jiwe.

"Mwezi mzima sasa mnaangaliana tu," alisema Fermín kutoka chini, mdomo umejaa mkate na soseji. Fermín alikuwa fundi mwenzake kutoka Pamplona, mtu wa tumbo na masihara, hodari wa hadubini kuliko mtu yeyote ambaye Saturia aliwahi kufanya naye kazi. "Mchumbie basi tujue moja."

"Kula taratibu, utakabwa."

"Nikikabwa nizikeni hapa hapa. Lakini kwanza niletee chembe ya jicho la huyo mama. Wanawali tisa nimeshawapima, bado yeye tu. Unamwogopa?"

Ndiyo, Saturia alimwogopa.

Kwenye mlango ule wamechongwa wanawali kumi wa kwenye Injili, watano kila upande. Kushoto wale wapumbavu, taa zao zimepinduka. Kulia wenye busara, taa wima, nyuso zimeinuliwa kumtazama Bwana Arusi aliyeketi juu ya mlango. Wachoraji wa zamani waliwapaka rangi kama watu wa karamu: vazi la buluu, vazi la kijani, mashavu mekundu, dhahabu kwenye kingo. Mvua na moshi na chokaa vimepita juu yao miaka mingapi sijui, lakini rangi ipo, chini ya rangi nyingine, chini ya nyingine tena. Kazi ya Saturia ilikuwa kuchukua chembe ndogo kuliko punje ya chumvi, kuigandisha kwenye gundi ngumu, kuisugua mpaka ing'ae, halafu kuitazama kwenye hadubini. Hapo matabaka yanaonekana yamelaliana kama maganda ya kitunguu, la chini ndilo la kwanza kupakwa, na kila tabaka linasema zama zake. Nyeupe ya risasi, hiyo ya kale. Nyeupe ya zinki, hiyo ya enzi ya mababu wa babu. Ndivyo walivyojua kuwa mavazi yale yalipakwa kwanza miaka zaidi ya mia saba iliyopita, na kupakwa upya mara mbili baadaye.

Lakini mwanamwali wa mwisho kulia, yule wa karibu na njia, alikuwa na kesi yake peke yake. Taa yake wima kabisa, lakini macho hayamtazami Bwana Arusi. Yanatazama pembeni, kusini, yanakoshukia kondoo. Profesa mmoja wa zamani aliandika kwamba huyo ni mpumbavu aliyewekwa upande wa wenye busara kwa makosa ya waashi. Wanakijiji waliposomewa hayo walicheka mpaka wakafuta machozi, na hakuna aliyejisumbua kumsahihisha. Wao walimwita Mngojanjia.

Kwani kila mwanamke wa Valdemerina alijua. Kondoo wakiondoka, mke wa mkuu wa wachunga kondoo anapanda ngazi na masizi ya jikoni kwake yaliyovurugwa na yai, anamgeuzia Mngojanjia mboni zitazame njia. Wanaume wakirudi, anapanda tena na chokaa na masizi, anazirudisha mbele. Na mwiko ulikuwa mmoja tu: mume akiwa ndani ya nyumba, macho yasibaki njiani hata kwa usiku mmoja, maana njia itamvuta.

Baba yake Saturia, Baudilio, ndiye aliyekuwa mkuu wa wachunga kondoo wa mwisho. Kwa hiyo mkono wa mwisho kwenye macho yale ulikuwa wa mama yake, Teodosia. Baada ya baridi ile kondoo waliuzwa kule kule kusini, desturi ikafa, na Mngojanjia akabaki anatazama njia hadi leo.

Sasa sikiliza kilichomfanya Saturia aiombe kazi hii wakati wenzake waliitaka ile ya kanisa kubwa la mjini, yenye hoteli na kahawa nzuri. Alikuwa na kumbukumbu. Baridi ile ile, yeye kitandani na homa, anafumbua macho anamwona mwanamume ameketi ukingoni mwa kitanda. Ananuka kondoo na moshi. Anaweka mkono wa baridi kwenye paji la uso wake, hasemi kitu. Basi, ni hivyo tu. Alipopona aliuliza, na mama akamwambia, "Ulikuwa na homa mwanangu. Siku ile ulimwona hata Mtakatifu Saturio amekaa juu ya kabati." Aliuliza tena akiwa na miaka kumi, akauliza akiwa na ishirini. Mama akajibu yale yale, akageukia sufuria.

Lakini kama baba alikuja kweli, hata kwa siku chache, mama asingethubutu kuacha macho njiani mume akiwa ndani. Lazima angeyarudisha mbele. Na kama aliyarudisha, tabaka lipo. Kama halipo, basi yule mtu alikuwa homa tu, na Saturia amemlilia miaka yote mtu ambaye hakuwahi kuketi pale.

Ndiyo maana alihangaika na wanawali wengine mwezi mzima.

"Haya," alisema siku ile, akavaa miwani ya kukuzia. "Nishikie taa."

Fermín alipanda akihema. Hakufanya utani. Saturia aligusa pembe ya jicho la kushoto kwa ncha ya kisu, pale ambapo macho yakitazama njia panakuwa peusi, na yakitazama mbele panakuwa peupe. Chembe ikabanduka. Akashikilia pumzi, akaiingiza kwenye kichupa.

Gundi inataka siku nzima kukauka. Siku hiyo Saturia hakula. Kesho yake, kwenye chumba cha nyuma cha padri walikoweka hadubini, Fermín alitazama kwanza.

"Mama yangu weee," akasema. "Hii ni keki ya harusi. Nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe... wanawake wa kwenu hawakuwa na kazi nyingine?"

"Niambie za juu."

"Ngoja. Tuanzie matabaka machache chini ya lile la juu kabisa. Nyeupe, juu yake vumbi la majani makavu. Kiangazi hicho, watu wanapura ngano. Halafu nyeusi, juu yake ukungu wa moshi, lakini mwembamba, wa nusu baridi hivi. Sawa?"

"Sawa. Hiyo ndiyo siku kondoo walipoondoka mara ya mwisho. Hapo ndipo panapoishia."

"Hapaishii."

Saturia alikaa.

"Kuna nyeupe tena," Fermín alisema polepole, jicho kwenye kioo. "Na juu ya nyeupe hiyo hakuna kitu. Safi kama shuka la bibi arusi. Hakuna vumbi wala moshi. Halafu moja kwa moja nyeusi nyingine, na juu ya hiyo ndiyo uchafu wote wa miaka thelathini na kitu. Hiyo nyeupe haikukaa, dada. Siku mbili tatu, wiki labda, ikafunikwa. Sasa mbona unalia? Nimesema nini?"

"Alikuja," Saturia alisema. "Sikuota. Alikuja."

Fermín hakujua nani alikuja wapi, lakini alimpa leso yake, na kwa mara ya kwanza leso hiyo ilikuwa safi. Alirudi kwenye hadubini ili asimtazame. Baada ya muda akasema, "Ila kuna kitu. Hii nyeusi ya juu kabisa si masizi na yai. Inang'aa, pembeni ina rangi ya kahawia. Njoo na sindano ya moto."

Saturia alipasha sindano, akaigusisha kwenye chembe iliyobaki kichupani. Ikalainika, ikatoa kamoshi kadogo kama uzi. Harufu ikajaa chumba. Ilikuwa lami ya misonobari, ile inayochemshwa kwenye chungu kuwapigia kondoo chapa baada ya kuwakata manyoya. Hakuna jiko la mwanamke lililokuwa na lami. Lami ilikaa kwenye pembe ya ng'ombe, kwenye mkoba wa mchunga kondoo, na wanaume walikuwa hawaligusi jicho lile kamwe.

Alikifunga kichupa, akatoka bila koti.

Teodosia alikuwa jikoni anamenya vitunguu saumu vya supu, makaa chini ya meza yanampasha miguu. Alimwona binti yake mlangoni akaanza moja kwa moja: "Koti liko wapi? Unataka kufa kabla yangu ili nani anizike, yule mnene wa Pamplona?"

"Mama, baba alirudi baridi ile."

Kisu kikasimama.

"Usinieleze habari ya homa," Saturia alisema. "Nimeona. Uliyarudisha macho mbele. Ulipanda ngazi na theluji ile yote ukayarudisha mbele, kwa sababu alikuwa humu ndani."

Mama alimenya kitunguu kimoja hadi mwisho, akachukua kingine, akakiweka.

"Hivi mmesomeshwa miaka yote hiyo ili mje kuchungulia macho ya watu," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Kaa basi. Unaniziba mwanga."

Saturia akakaa.

"Alikuja kutuchukua. Alipata nyumba kule, alisema ina mchungwa mlangoni. Mchungwa! Mimi nifanye nini na mchungwa? Mama yangu alikuwa bado mzima, kipofu, yuko chumba kile. Wewe unawaka moto. Nikamwambia, Baudilio, ngoja mtoto apone. Akasema treni yake haingoji. Nikasema basi nenda na treni yako. Tukasemezana, mwanangu, ukuta huu ulisikia. Mwisho nikamwambia hivi: ukitoka leo, mimi yale macho siyageuzi. Hungojwi."

"Akatoka."

"Alfajiri. Mimi sikutoka kitandani. Kulipokucha nikapita kanisani, nakuta macho yamegeuzwa!" Hapo Teodosia alipandisha sauti, na macho yakamtoka kana kwamba ni jana. "Ni Bernarda! Nani mwingine? Anakaa ubavuni mwa kanisa, dirisha lake linasikia kila kitu, tena ni dada yake. Akapanda kunidhihaki, ili kijiji kizima kinione nangoja mtu niliyemwambia hangojwi. Wifi gani yule! Mpaka leo sijamsalimia. Akipita huku, mimi napita kule. Juzi aliteleza kwenye barafu, nikasema Mungu anaona."

"Mama."

"Nini?"

Saturia alitoa kichupa mfukoni. Akachukua waya wa kufumia kutoka kikapuni, akauingiza kwenye makaa chini ya meza mpaka ncha ikawa nyekundu, akaugusisha kwenye ile chembe, akamsogezea mama yake puani.

Teodosia alinusa. Akavuta kichwa nyuma. Halafu akakishika kile kichupa kwa mikono yote miwili, akanusa tena, muda mrefu, macho amefumba. Supu ilianza kufurika sufuriani na hakuna aliyeinuka.

"Hii ni ya kwenye pembe yake," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Mwanamume hagusi jicho lile."

"Yeye aligusa."

"Hakuwa na brashi hata."

"Kwa kidole, nadhani. Mpako wenyewe mbaya, umevuka kope."

Teodosia akacheka. Alicheka kicheko cha ajabu, kimoja kifupi, halafu kingine kilichogeuka njiani kikawa kitu kingine. "Hakujua kupaka hata ukuta," alisema. "Na giza lile. Na ngazi ilikuwa na barafu. Mpumbavu! Angevunjika shingo." Akajifuta uso kwa aproni, vitunguu saumu vikamwasha macho, akamtukana marehemu tena kwa hilo. "Aliomba angojwe," akasema. "Nilimnyima, akaenda akajiombea mwenyewe. Na mimi nimekaa miaka yote hii najua aliondoka bila kutazama nyuma."

Saturia alikuwa na swali moja tu, lile la miaka yote, na sasa likamtoka kama la mtoto. "Alikaa kitandani kwangu? Aliniwekea mkono?"

"Alikaa usiku mzima. Nilimwambia alale, hakulala. Kila akitaka kukugusa, kwanza anakuja hapa anapasha mikono kwenye makaa, asikushtue."

"Mimi nakumbuka mkono wa baridi."

"Basi kumbukumbu yako haina adabu," alisema mama. "Mikono yake ilikuwa ya moto. Wewe ndiye uliyekuwa unawaka, kila kitu kwako kilikuwa baridi."

Jioni ile ile, kabla jua halijaisha, Teodosia alivaa koti lake la kanisani, akapita katikati ya barabara mpaka nyumba ya ubavuni mwa kanisa, akagonga. Bernarda alifungua, mguu umefungwa bandeji.

"Nani amekufa?" Bernarda aliuliza.

"Hakuna."

"Basi umepotea njia. Nyumba yako ni ile."

"Nimekuja kukuambia si wewe uliyegeuza yale macho."

Bernarda alimtazama juu mpaka chini. "Miaka yote hiyo nakwambia si mimi, leo ndiyo unakuja kunipa habari?" Akageuka, akaingia ndani akichechemea. Mlango aliuacha wazi. "Futa miguu," akapiga kelele kutoka ndani. "Nimepiga deki."

Ikabaki kazi. Wakubwa wa mkoa walikuwa wameshaamua tangu zamani: matabaka yote ya wanakijiji yaondolewe, yarudishwe macho ya kwanza, yale ya mchoraji wa kale, ambayo Fermín aliyaona chini kabisa yamepakwa kwa mkono wa bwana, mboni zimeinuliwa kwa Bwana Arusi. Askofu angekuja Krismasi kuuzindua mlango uliosafishwa. Saturia aliandika kila kitu alichokiona, tabaka kwa tabaka, na akaandika kwamba mwanamwali yule si mpumbavu wala waashi hawakukosea. Kisha akamwambia mama yake, kwa sababu hakuweza kukaa nalo, kwamba ile lami itatoka. Ataihifadhi chembe, lakini machoni pale itatoka.

Alidhani mama atalia. Teodosia alifikiri.

"Alisema mwezi wa tano," alisema. "Siku ile tukigombana. Alisema nakuja mwezi wa tano tuzungumze vizuri. Sasa, mimi baridi ile sikungoja. Nilikaa humu nimenuna, halafu ikaja habari kwamba amekufa, na mtu aliyekufa hangojwi. Niachie hii moja. Ningoje baridi moja, ile niliyomnyima. Ikifika mwezi wa tano uondoe, mimi sina neno."

"Mama, askofu..."

"Askofu ana mke?"

Saturia akarudi kuandika tena. Akaandika kwamba kwenye baridi kali gundi na dawa za kusafishia hazifanyi kazi salama juu ya jiwe, na kwamba macho ya mwanamwali mmoja yangoje joto. Fermín alisoma akiwa amesimama nyuma yake.

"Ni kweli hiyo," alisema.

"Ni kweli."

"Ila wale tisa tumewasafisha kwenye baridi hiyo hiyo."

"Hao hawana mtu njiani."

Fermín alimtazama, akatazama dirishani, akachukua kalamu, akaweka sahihi yake chini.

Basi Krismasi askofu alikuja, akawabariki wanawali tisa waliong'aa kama wamevaa jana na mmoja aliyefunikwa turubai, akala vizuri, akaondoka. Theluji ikaanguka ikaziba barabara. Kila siku ilipowezekana, Teodosia alipita kanisani, akainua pembe ya turubai, akalishusha. Alifanya sala za kawaida, alinunua mkate, aligombana na Bernarda juu ya chumvi ya supu. Kwenye simu Saturia, aliyekuwa amerudi mjini kungoja joto, alimwuliza, "Uko vipi, mama?" naye akajibu, "Nangoja," kama mtu anayesema anapika.

Mwezi wa tano ulifika na majani mafupi ya kijani, na maji yakashuka kila mtaro. Saturia alipanda jukwaa na kisu chake na pamba. Chini, mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti alichokibeba mwenyewe, mgongo ameupa mlango, uso njiani. Alikuwa amechana nywele vizuri na kuvaa hereni. Njia ilikuwa tupu. Trekta moja lilipanda, likapita, vumbi likatua.

"Niko tayari, mama," Saturia alisema. "Nianze?"

Teodosia hakugeuka.

"Bado kidogo," alisema.

Saturia akaweka kisu chini. Akakaa ukingoni mwa jukwaa, miguu inaning'inia, bega lake likigusana na bega la mwanamke wa jiwe, na wote watatu wakatazama upande mmoja.